Skizofrenia: Jinsi ya Kuitafuta Dawa Inayomfaa Mgonjwa

Skizofrenia ni ugonjwa wa ubongo ambao kwa kawaida huanza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya ishirini na kitu, na wanaume huupata mapema kidogo kuliko wanawake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 23 wanaishi nao, yaani takriban mtu mmoja kati ya kila 345. Dalili zake ni za namna tatu. Za kwanza ndizo zinazoshtua watu: kusikia sauti za wasiokuwapo, kushikilia kwa nguvu jambo lisilo la kweli (kwamba jirani anatia sumu kisimani, kwamba mtangazaji wa redio anamsema yeye), na mazungumzo yasiyo na kichwa wala miguu. Za pili ni za upungufu. Mtu hunyamaza, haogi, hafurahii kitu, hana hamu ya kuanza jambo lolote. Za tatu zinahusu fikra: kusahau upesi, kushindwa kufuata mazungumzo marefu, kushindwa kupanga.

Mgawanyo huo una maana kubwa kwa anayetafuta dawa, kwa kuwa dawa zilizopo hutuliza vizuri dalili za kundi la kwanza na hugusa kidogo tu zile za makundi mengine mawili. Familia ambayo haikuelezwa hivyo humwona kijana aliyeacha kusikia sauti lakini bado analala hadi saa sita mchana, ikasema dawa imeshindwa au kijana ni mvivu. Kwa kawaida si hili wala lile. Ni dalili za upungufu, au ni dozi iliyozidi, na kuzitenganisha hizo mbili ni kazi ya kliniki.

Dawa ya kwanza, klopromazini, ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952, katika wodi za Jean Delay na Pierre Deniker. Haloperidoli ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1958 na Paul Janssen. Risperidoni, olanzapini na nyinginezo zinazoitwa za kizazi kipya zilifuata katika miaka ya 1990. Karibu zote hufanya kazi kwa njia moja: huziba vipokezi vya dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kupelekeana ujumbe. Mwaka 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza inayopitia njia nyingine kabisa, lakini bei yake bado iko mbali na uwezo wa wagonjwa wengi.

Kwa kuwa njia ni moja, hakuna dawa "kali" na dawa "dhaifu" kama wengi wanavyodhani. Ukiiacha klozapini, ambayo ina mahali pake, tofauti ya dawa hizi katika kutuliza sauti ni ndogo, na tofauti yao katika madhara ni kubwa. Utafiti uliofanywa Marekani na kutolewa mwaka 2005 ulifuatilia wagonjwa wapatao 1,500 kwa miezi 18. Asilimia 74 waliiacha dawa waliyopangiwa mwanzoni kabla muda huo haujaisha, ama kwa sababu haikuwafaa, ama kwa sababu ya madhara, ama kwa uamuzi wao tu. Kubadilisha dawa, basi, si ajabu wala si dalili ya mgonjwa mkorofi. Kinachoharibu mambo ni kubadilisha bila utaratibu.

Kabla ya kidonge cha kwanza

Si kila anayesikia sauti ana skizofrenia. Malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, kifafa, kaswende ya muda mrefu, Virusi vya UKIMWI na matatizo ya tezi la shingoni vinaweza kuleta hali inayofanana nayo. Vivyo hivyo bangi, pombe inapokatwa ghafla, na mirungi inayotafunwa kwa wingi. Baadhi ya dawa pia zimo: efavirenzi, iliyotumiwa kwa miaka mingi kutibu UKIMWI, na meflokwini ya malaria. Mwanamke aliyejifungua wiki chache zilizopita ana uwezekano mwingine unaotaka tiba ya haraka. Mganga wa hospitali anayeandika dawa bila kuuliza haya hajamaliza kazi yake, na ni haki ya jamaa kuyataja wenyewe.

Vipimo vya kuanzia ni vichache na havina gharama kubwa: uzito, mzunguko wa kiuno, presha, sukari ya damu na, inapowezekana, mafuta ya damu. Bila namba hizo za mwanzo, miezi sita baadaye hakuna atakayejua kama kisukari kimeletwa na dawa au kilikuwapo. Mwanamke aulizwe kama ni mjamzito au anatarajia kuwa. Mwenye ugonjwa wa moyo apimwe moyo kwanza.

Hospitali kuu za magonjwa ya akili zinajulikana: Mathari jijini Nairobi, Mirembe mjini Dodoma, Kidongo Chekundu Unguja, Butabika jijini Kampala. Zinafaa pale mgonjwa anapozidiwa au utambuzi wa ugonjwa unapotatiza. Lakini safari ya kutafuta dawa huchukua miezi, na nauli ya Dodoma au Nairobi kila mwezi huwashinda wengi. Ni afadhali, baada ya kutoka huko, kumshika tabibu au muuguzi wa afya ya akili katika hospitali ya wilaya au ya kaunti aliye karibu. Mtaalamu wa cheo kikubwa anayeonana na mgonjwa mara moja kwa mwaka hasaidii zaidi ya muuguzi anayemjua kwa jina.

Dozi, muda na daftari

Kwa anayeugua kwa mara ya kwanza, dozi ndogo hutosha mara nyingi. Haloperidoli ya miligramu 2 hadi 5 kwa siku, au risperidoni ya miligramu 2 hadi 4, huwatuliza wengi wao, na wazee huhitaji pungufu ya hapo. Risperidoni ikipita miligramu 6, kinachoongezeka zaidi ni madhara. Namba hizi ni za kumwezesha msomaji kuuliza swali zuri kliniki, hazimpi ruhusa ya kujipangia dozi.

Kila badiliko lina muda wake. Usingizi na utulivu wa mwili huja ndani ya saa chache, hofu na hasira hupungua ndani ya siku, sauti na imani zisizo za kweli huchukua wiki. Kwanza sauti hupungua ukali, kisha huwa za mbali, kisha mgonjwa huanza kuzitilia shaka. Wiki mbili zikipita kwa dozi ya kutosha bila badiliko lolote, hata dogo, hiyo ni ishara ya kulizungumza suala hilo na daktari. Ila jaribio kamili la dawa moja ni wiki nne hadi sita, katika dozi inayofaa, ikimezwa kila siku. Dawa nyingi zinazohukumiwa kuwa zimeshindwa hazikupewa muda huo. Mgonjwa anapewa haloperidoli Jumatatu, Ijumaa bado anazungumza peke yake, klopromazini inaongezwa juu, wiki ya pili inakuja sindano, na mwishowe anameza dawa tatu huku hakuna anayejua ipi inamsaidia na ipi inamfanya atetemeke.

Kanuni ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kukiandika. Katika zahanati nyingi za Afrika Mashariki mgonjwa huenda na daftari lake la shule ambamo daktari huandika maelezo. Daftari hilohilo linaweza kufanya kazi zaidi. Upande mmoja wa daktari, upande wa pili wa nyumbani: tarehe, jina la dawa na miligramu, saa za kulala, ukali wa sauti kwa alama kutoka 0 hadi 10 anazotoa mgonjwa mwenyewe, uzito kila mwezi, na jambo lolote geni mwilini. Daktari mpya akilisoma kwa dakika tano anajua yaliyokwisha kujaribiwa, na hilo humwokoa mgonjwa asirudishwe kwenye dawa iliyokwisha kushindwa kumsaidia.

Madhara, na la kufanya

Hapa ndipo wagonjwa wengi hupotea. Mtu haachi dawa kwa ujinga. Huiacha kwa sababu anauhisi mwili wake umebadilika na hakuna aliyemwambia kuwa hali hiyo inatibika.

Katika siku za kwanza za haloperidoli, flufenazini au klopromazini, vijana wa kiume hasa huweza kupinda shingo, kukaza taya, au macho kukwama yakiangalia juu. Tukio hilo hutisha kiasi kwamba watu husema jini limepanda. Ni misuli, na kidonge cha benzheksoli, kinachojulikana zaidi kwa jina la Artane, au sindano ya dawa za kundi lake, huilegeza kwa muda mfupi. Ulimi ukivimba au pumzi ikiwa ngumu, hospitali ni saa hiyohiyo. Baada ya wiki kadhaa yanaweza kufuata mwendo wa kuburuta miguu, mikono inayotetemeka na uso usio na hisia. Tiba ya kwanza ya hayo ni kupunguza dozi au kubadilisha dawa. Artane inasaidia, ila haipaswi kuwa ya kudumu kwa kila mgonjwa: hukausha mdomo, hufunga choo, huvuruga kumbukumbu, na wapo wanaoitafuta kwa ajili ya kulewa.

Dhara linalokosewa kuliko yote ni kutotulia. Mgonjwa hawezi kukaa, anatembea huku na huko, anahamisha uzito mguu huu na ule, na ndani anahisi kama anachemka. Jamaa na hata wahudumu hudhani ugonjwa umezidi, dozi inaongezwa, na hali inakuwa mbaya zaidi. Swali la kuuliza ni rahisi: je, hali hii ilianza baada ya dawa kuanzishwa au kuongezwa, na je, mgonjwa anasema miguu ndiyo inayomsumbua? Ikiwa ndivyo, dozi hushushwa, au mgonjwa hupewa propranololi akiwa hana pumu. Hali hii isipuuzwe, kwani imewahi kuwasukuma watu kutaka kujiua.

Olanzapini na klozapini huleta njaa isiyoshibika. Kilo huongezeka tangu mwezi wa kwanza, na kisukari hufuata kwa baadhi. Ushauri wa kupunguza chapati na soda husaidia kidogo kuliko inavyosemwa. Kama uzito unapanda kwa kasi, kubadilisha dawa mapema ni bora kuliko kupambana nao kwa miaka. Risperidoni na haloperidoli hupandisha homoni ya maziwa: hedhi inakoma, matiti yanatoa maziwa, hamu ya tendo la ndoa inapotea, nguvu za kiume zinapungua. Wagonjwa wengi hawalisemi hilo wasipoulizwa, hasa mbele ya mama mzazi au shemeji. Kwa hiyo ni vizuri sehemu ya mazungumzo ya kliniki ifanywe mgonjwa akiwa peke yake. Aripiprazoli, inapopatikana, haina tabia hiyo na hainenepeshi sana, ingawa nayo huweza kuleta kutotulia.

Baada ya miaka mingi, hasa kwa dawa za zamani, midomo na ulimi huweza kuanza kuchezacheza vyenyewe, na hali hiyo huweza kubaki hata dawa ikiachwa. Ni sababu ya kutumia dozi ndogo kadiri inavyotosha, na ya mgonjwa kuchunguzwa mdomo na vidole mara mbili kwa mwaka. Dharura moja ni ya nadra lakini huua: homa kali, mwili kukakamaa kama ubao, jasho na kuchanganyikiwa. Dawa zote za kundi hili husimamishwa na mgonjwa hupelekwa hospitali bila kungoja asubuhi.

Dawa inapoonekana imeshindwa

Kabla ya kuandika katika daftari kwamba dawa imeshindwa, kuna mambo ya kukagua. La kwanza ni kama ilimezwa kweli. Lipo jingine ambalo husahaulika Afrika Mashariki, nalo ni dawa nyingine. Rifampisini ya kifua kikuu hulifanya ini liivunje haloperidoli na risperidoni haraka mno, na mgonjwa aliyekuwa ametulia anaanza kusikia sauti katikati ya tiba ya TB. Karbamazepini ya kifafa hufanya vivyo hivyo. Daktari wa TB na wa akili mara nyingi wako majengo tofauti, kila mmoja na faili lake. Daftari la mgonjwa ndilo linalowakutanisha. Mirungi na bangi nazo huifuta kazi ya dawa, na hapa ukali hausaidii. Mgonjwa anayejua kwamba atagombezwa atasema hatumii.

Ikiwa dawa ilimezwa, dozi ilitosha na muda ulitimia, hubadilishwa kwa nyingine. Ya zamani hupunguzwa polepole huku mpya ikipandishwa, ili mwili usiachwe wazi katikati.

Kwa anayesahau vidonge au anayechoka kuvimeza kila siku, ipo sindano. Ya flufenazini, ambayo wengi huijua kwa jina la Modecate, hudungwa kila baada ya wiki mbili hadi nne. Zipo pia za haloperidoli, na mpya zaidi za risperidoni na paliperidoni kwa wanaozimudu. Faida yake si ya mgonjwa peke yake. Nyumbani hakuna tena ugomvi wa kila jioni wa "umemeza, hujameza". Ikishadungwa, hata hivyo, haitolewi, kwa hiyo huanzwa kwa kiasi kidogo cha kujaribia, au baada ya kuona mwili unaikubali dawa hiyo kwa vidonge. Mahali pengi sindano imekuwa adhabu ya wagonjwa watoro, na kwa sababu hiyo watu huikataa kabla ya kuelezwa. Hilo ni kosa la huduma, si la sindano.

Takriban theluthi moja ya wagonjwa hawapati nafuu ya kutosha kwa dawa mbili zilizojaribiwa kikamilifu. Hao wanastahili klozapini, na kuwajaribishia dawa ya tatu, ya nne na ya tano za aina ileile ni kuwapotezea miaka. Klozapini iliondolewa katika nchi kadhaa mwaka 1975 baada ya wagonjwa nchini Finland kufa kwa kuishiwa chembe nyeupe za damu. Ilirudi baada ya utafiti wa mwaka 1988 kuonyesha kwamba inawafikia wale ambao dawa nyingine hazikuwafikia. Elyn Saks, profesa wa sheria nchini Marekani ambaye ameandika waziwazi juu ya skizofrenia yake, ni miongoni mwa wanaoitumia. Inapunguza pia hatari ya kujiua, jambo kubwa katika ugonjwa ambao takriban mmoja kati ya wagonjwa 20 hufa kwa njia hiyo.

Masharti yake ni ya kufuatwa bila mkato. Damu hupimwa kabla ya kuanza, kisha kila wiki kwa miezi ya mwanzo, kisha kwa nafasi pana zaidi kadiri muda unavyokwenda. Upungufu hatari wa chembe nyeupe huwapata chini ya mmoja kati ya wagonjwa 100, wengi wao katika wiki 18 za kwanza. Homa au koo linalouma ni sababu ya kupima damu siku hiyohiyo, hata kama kila mtu anasema ni mafua. Choo kufunga siku tatu si jambo dogo kwa mtumiaji wa klozapini, kwani utumbo unaweza kusimama kabisa na kuua. Udenda wa usiku ni kero tu. Taulo juu ya mto hutosha kwa wengi. Mgonjwa akikosa dawa zaidi ya saa 48, asirudie dozi yake ya kawaida: huanza upya na miligramu 12.5. Mvutaji wa sigara anayeacha ghafla amwarifu daktari, kwa sababu moshi huishusha klozapini mwilini, na moshi ukikoma dawa hupanda hadi kiwango cha sumu. Kikwazo kikubwa katika hospitali za mikoani si kidonge chenyewe bali maabara ya kupima damu kila wiki, kwa hiyo swali hilo huulizwa kabla ya kuanza.

Maisha ya kila siku pamoja na dawa

Dozi nyingi zinaweza kumezwa mara moja kwa siku, usiku, na hilo hupunguza usingizi wa mchana na kusahau. Katika mwezi wa Ramadhani dozi ya mara mbili huweza kupangwa futari na daku, kwa kuzungumza na daktari kabla ya mwezi kuandama. Mgonjwa ambaye hajatulia ana ruhusa ya kutofunga, na imamu anayefahamu hali hiyo anaweza kumweleza kwa lugha ambayo daktari hana. Kwa waganga na maombi, kushindana nao hakuna tija. Familia nyingi zitakwenda, daktari akipenda asipende. Mpaka unaofaa kuwekwa ni mmoja: kidonge kiendelee, na asifungwe, asichapwe, asinyimwe chakula, asinyweshwe mitishamba isiyojulikana.

Dawa huisha hospitalini bila taarifa. Ni busara kwenda kuchukua nyingine zikiwa zimebaki za wiki moja, na kujua mapema duka gani la dawa huuza ileile na kwa bei gani. Dawa ikikosekana kabisa, daktari apigiwe ili apange mbadala wa dozi inayolingana. Kungoja mwezi ujao ndiko kunakorudisha wagonjwa wodini.

Nyumbani, tafiti zilizoanzia London katika miaka ya 1950 na kurudiwa nchi nyingi zimeonyesha kuwa mgonjwa anayeishi na lawama, kejeli na kufuatwafuatwa huugua tena upesi zaidi hata akimeza dawa. Kubishana naye kwamba hakuna sauti hakufui dafu, na kukubali kwamba zipo ni uongo. Lipo la katikati: "Mimi siisikii, lakini naona inakusumbua." Kazi ndogo yenye saa zake, kutunza kuku, kusaidia dukani, hurudisha kile ambacho kidonge hakirudishi.

Kila mgonjwa ana dalili zake za kutangulia, na hurudi kwa mpangilio uleule: mmoja hukosa usingizi siku tatu, mwingine huanza kufunika vioo, mwingine huacha kula chakula kilichopikwa na wenzake. Huandikwa katika ukurasa wa kwanza wa daftari mgonjwa akiwa mzima, pamoja na jina la mtu atakayemruhusu ampeleke kliniki. Mgonjwa akianza kusema kwamba maisha hayana maana, aulizwe moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Vidonge vishikwe na mtu mwingine, na asiachwe peke yake hadi aonwe.

Swali la kuacha dawa huja kwa kila mmoja, kwa kawaida pale anapojisikia mzima. Majaribio yaliyojumlishwa mwaka 2012 yalionyesha kuwa ndani ya takriban mwaka mmoja ugonjwa uliwarudia asilimia 27 ya walioendelea na dawa na asilimia 64 ya walioachishwa. Aliyeugua mara moja huendelea angalau mwaka mmoja, na wengi hushauriwa miwili, baada ya dalili kwisha. Aliyeugua mara kadhaa huendelea miaka mingi zaidi. Mjamzito asiiache ghafla kwa hofu ya mtoto, aende kliniki dawa ipangwe upya. Anayeamua kupunguza, na uamuzi huo ni wake, hupunguza kwa miezi, kwa hatua zinazozidi kuwa ndogo kadiri dozi inavyoshuka, si katika mwezi wa mtihani, wa msiba wala wa kuhama nyumba. Kati ya hatua moja na nyingine hupita wiki kadhaa za kuangalia usingizi, na dalili za ukurasa wa kwanza zikitokea, hurudi kwenye dozi ya mwisho iliyomtuliza na kumwona daktari wiki hiyohiyo.